Mkono ukienda kwenye kopo la vitafunio na tumbo halidai
Njaa ya kweli huja polepole na hukubali chakula chochote. Ile ya kukosa la kufanya huzuka ghafla na hutaka kitu kimoja tu, kitamu au chenye chumvi. Ukiitambua hii ya pili, tega saa dakika 15 uipe mikono kazi: kunja nguo, suka, shona kifungo. Simu haifai, maana huacha mkono mmoja huru, na huo ndio unaorudi kwenye kopo. Ukitaka kupumzika, lala chali, vuta pumzi ukihesabu hadi 4, itoe taratibu hadi 6, kwa dakika 5. Pumzi ya kutoka ndiyo hutuliza moyo. Lakini kama uliruka mlo, tafadhali kula.