Frampeni ya nonstiki imeungua: namna ya kutoa ukoko bila kuichubua

Hakuna kinachoniunguzia frampeni kama mkate wa kumimina. Ule uji mzito wa mchele, tui, sukari na hamira unataka moto mdogo na jicho lisilobanduka. Ukiitwa mlangoni na mteja, ukakaa naye dakika tatu tu, sukari ya pembeni imeshakuwa nyeusi, na mkate ukitoka unaacha pete ngumu imeng'ang'ania chini. Ninapika kwa oda nyumbani, hapa Tanga, na frampeni zangu tatu zinapanda jikoni kila siku. Ninachoeleza hapa ndicho ninachokifanya kwa mikono yangu.

Frampeni yangu ya kwanza ilikufa mwezi wa Ramadhani. Mdogo wangu alikuja kunisaidia, akaikuta ina ukoko wa tambi za sukari, akaipeleka bombani na stilwaya na majivu, kama tulivyofundishwa kuosha masufuria tangu wadogo. Akarudi nayo amefurahi: "Dada, ona, imetakata!" Kweli ilikuwa imetakata. Katikati palikuwa na duara linalong'aa kama fedha, upana wa kisahani cha chai, na weusi wote wa pale umekwenda na maji. Sikumgombeza, maana hakuna aliyewahi kumwambia, hata mimi. Tangu siku hiyo kila yai lilikuwa linashika pale pale kwenye duara.

Ule weusi si chuma. Chombo chenyewe kwa kawaida ni alumini, na juu yake kumepakwa tefloni, aina ya plastiki iliyogunduliwa Marekani mwaka 1938, ambayo karibu hakuna kinachoshikamana nayo. Tabaka hilo aghalabu ni jembamba kuliko unywele wako. Nyingi ya zile zenye madoadoa kama jiwe, zinazouzwa kwa jina la graniti, ni tefloni hiyo hiyo iliyotiwa nakshi. Sasa chakula kinashikaje? Sukari na mafuta yakiungua huwa gundi, na gundi hiyo inajishikiza kwenye mikwaruzo midogo midogo ambayo kila frampeni inayotumika inayo. Kwa hiyo kazi yako ni kuilainisha gundi mpaka iachie yenyewe. Nguvu za mkono hazina kazi hapa.

Andaa sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, spongi laini au dodoki kuukuu lililolowa likalegea, mwiko wa mbao, siki nyeupe na bekingi soda. Angalia usichukue bekingi pauda, ni kitu kingine. Na magadi je? Naulizwa sana swali hili. Magadi ya kulainishia maharage, yale ya asili kama ya Ziwa Magadi au Ziwa Natron, yana soda ndani yake, lakini yana pia kaboneti iliyo kali zaidi, na mara nyingi yamechanganyika na punje za mchanga. Punje zinachubua, na ule ukali ukifika kwenye alumini iliyo wazi unaifanya iwe nyeusi. Yaache kwenye maharage.

Hatua ya 1: iache ipoe yenyewe. Epua, weka juu ya jiwe au ubao, uendelee na shughuli nyingine. Najua hamu ya kuitumbukiza kwenye beseni papo hapo ikapiga ule mlio. Usifanye. Alumini ya moto ikikutana na maji baridi ghafla inajipinda, kitako kinabenuka, na kuanzia hapo mafuta yatakuwa yanakimbilia upande mmoja huku upande mwingine unaungua kila unapopika.

Hatua ya 2: loweka. Maji ya moto kiasi cha kuvumilika mkononi, matone machache ya sabuni, saa nzima. Wali, ugali, uji, ukoko wa chapati: vyote hivi ni wanga, na wanga ukinywa maji unavimba na kubanduka. Pitisha spongi. Kama umetoka, suuza, umemaliza. Siku nyingi mimi naishia hapa.

Hatua ya 3: chemsha na soda. Hii ni ya sukari iliyoungua, nyanya zilizogandia, mchuzi wa nazi uliokauka, yai lililokuwa kaa. Tia vikombe viwili vya maji baridi, au zaidi kidogo mpaka ukoko wote ufunikwe. Koroga vijiko viwili vya chakula vya bekingi soda maji yakiwa bado baridi, kwa sababu ukiitia kwenye maji yanayochemka inafura povu na kumwagika kwenye jiko. Washa moto mdogo. Yakianza kutoa viputo, yaache hivyo dakika kumi.

Simama uangalie. Kwenye dakika ya tano hivi maji yanaanza kuchukua rangi ya chai ya rangi, na kingo za ukoko zinanyanyuka kidogo kidogo kama gamba la kidonda kilichopona. Ukiona hivyo, chukua mwiko wa mbao, uulaze karibu bapa, uusukume chini ya ukingo ulionyanyuka. Usiusimamishe na kukwangua. Kipande kinachokataa kiache kwanza, zunguka kwingine, urudi baadaye. Pete ya mkate wa kumimina mara nyingi hutoka ikiwa nzima, kama bangili.

Dakika kumi zikiisha, zima moto. Usiseme utaiacha ichemke nusu saa ili kazi iwe rahisi: soda ikichemka muda mrefu inageuka kuwa kaboneti, kile kile ninachokikimbia kwenye magadi. Usiilaze humo usiku kucha pia. Kama bado kuna mabaki, mwaga, tia maji mapya na soda mpya, urudie. Mimi nimewahi kurudia mara tatu kwa tambi, na frampeni ikabaki salama.

Hatua ya 4: paka lahamu ya soda. Vijiko vitatu vya soda kwa kijiko kimoja cha maji, koroga iwe kama dawa ya meno. Paka kwenye madoa yaliyobaki, ngoja dakika ishirini, kisha sugua kwa spongi iliyolowa, kwa kuzungusha, kwa mkono ule ule unaomwoshea mtoto uso. Hapa ndipo unaposhughulika na ile rangi ya hudhurungi inayonata kwenye kingo za juu. Ile ni mafuta yaliyoungua tabaka juu ya tabaka kwa miezi. Inapungua, lakini iliyokomaa sana huwa haiishi yote. Kama ni laini ukiigusa na chakula hakishiki, iache. Kuna watu wameharibu frampeni nzima wakitafuta urembo wa ukingo.

Siki inaingia wapi? Kwenye madoa meupe ya maji ya chumvi, yale ya visima vyetu vya huku pwani. Nusu kikombe cha siki, kikombe kimoja na nusu cha maji, pasha moto dakika tano, mwaga, osha kwa sabuni. Kuichanganya na soda ili ifure povu sikushauri: siki ni asidi, soda ni kinyume chake, zikikutana zinamalizana nguvu, povu likitulia umebaki na maji yenye chumvichumvi. Umepoteza vitu viwili vizuri.

Kitu ambacho usikifanye kamwe ni kuiweka frampeni tupu juu ya moto mkali ili ukoko "uungue uishe". Karai la chuma linavumilia, nonstiki haivumilii. Tefloni inaanza kuharibika ikikaribia nyuzi 260 za selsiasi, na ikizidi sana hapo inatoa moshi wenye sumu. Frampeni tupu inafika huko kwa dakika chache tu, na jiko la mkaa lililokolea ndilo la hatari zaidi kwa sababu huwezi kulipunguza kwa kuzungusha swichi. Moshi huo humletea mtu homa na kubanwa kifua, na ndege wa kufugwa unawaua haraka sana. Kama nyumbani mna kasuku au chiriku kwenye tundu karibu na jiko, hamisha tundu hata kwa mapishi ya kawaida. Nalisema hili kwa uzito wote, kwa sababu ushauri wa kuchoma nimeusikia kwa watu wazima ninaowaheshimu.

Stilwaya, mchanga, majivu, kisu, dawa za kuzibulia mabomba na sabuni za unga zenye chengachenga, vyote hivyo viache kando.

Hatua ya 5: ijaribu. Suuza, futa kwa kitambaa, kisha pitisha ncha za vidole chini taratibu huku macho umeyafumba. Vidole vinaona kuliko macho: palipobaki ukoko patakwaruza kama ulimi wa paka. Halafu dondosha tone la maji. Likikusanyika kama ushanga na kukimbia ukiinamisha frampeni, pamepona. Likitandaa na kulowesha, kuna mafuta bado, au tefloni yenyewe imekwisha pale. Osha tena kwa sabuni, ujaribu upya. Likitandaa tena mahali pale pale, ni tefloni imekwisha.

Palipochubuka hapatibiki nyumbani. Ukiona magamba meusi yanabanduka na kuingia kwenye chakula, usiipikie tena. Kipande kidogo ukikimeza kwa bahati mbaya hakimeng'enywi, kinapita tu, lakini frampeni ya hivyo itaendelea kuunguza kila siku na wewe utaendelea kuisugua. Yangu yenye duara la fedha haipandi tena jikoni. Naitumia kufunikia unga wa chapati unaopumzika.

Iliyopona, kabla ya kupika tena, dondoshea mafuta nusu kijiko cha chai ikiwa bado baridi, yasambaze kwa kitambaa mpaka uone mng'ao tu, ndipo uwashe moto mdogo. Mimi huanza na kimanda cha yai moja. Kikiteleza chenyewe kwenda kwenye sahani, uji wa mkate unaweza kufuata.