Jinsi ya kuchora ramani ya mlipuko wa kipindupindu na kuisoma bila kupotoka

Wagonjwa wa kipindupindu wakianza kuongezeka, watu huuliza ni wangapi. Swali litakalookoa maisha ni hili: wanaugua wapi, tangu lini, na kwa nini wao na si majirani zao? Ramani ya nukta husaidia sana kulijibu, lakini ikichorwa ovyo hupeleka klorini na watumishi mtaa usiohusika.

Kwanza kubalianeni nani ahesabiwe. Mlipuko ukishathibitishwa, mgonjwa anayeshukiwa ni mtu wa umri wowote anayeharisha majimaji mara 3 au zaidi ndani ya saa 24. Msiibadilishe fasili hiyo katikati ya kazi, la sivyo idadi itapanda au kushuka na ugonjwa uko palepale.

Kila mgonjwa apewe mstari wake kwenye daftari: umri, jinsia, kazi, siku dalili zilipoanza, anapolala, alikochota maji ya kunywa, choo anachotumia, na kila alikopita katika siku 5 kabla ya kuugua. Ni siku 5 kwa sababu dalili hujitokeza kati ya saa 12 na siku 5 tangu mtu ameze vimelea. Usiandike siku ya kufika kituo cha afya badala ya siku ya kuugua. Anayekaa mbali au asiye na nauli huchelewa kufika, na wengine hawafiki kabisa. Ukitegemea daftari la kituo peke yake, mitaa maskini itaonekana salama. Pita nyumba kwa nyumba.

Kwenye ramani onyesha nyumba, njia, visima, mabomba, mito, vyoo, masoko na upande ardhi inakoteremkia. Weka nukta nyekundu mgonjwa anapolala, na nukta ya buluu alikochota maji. Wengi huiruka hii ya pili, na ndiyo yenye siri. Daktari John Snow, alipochunguza kipindupindu huko London mwaka 1854, hakutosheka na vifo vilivyojaa karibu na pampu ya Broad Street. Aliwafuatilia walioonekana hawaingii kwenye picha: mjane aliyefia Hampstead, mbali na hapo, kumbe aliletewa maji ya pampu ile; na wafanyakazi wa kiwanda cha bia jirani na pampu, ambao hawakuyanywa maji yake, walinusurika. Kwa hiyo nukta iliyojitenga isifutwe. Ifuatilie hadi ujue ilikotoka.

Kisha gawanya wagonjwa kwa idadi ya wakazi. Mtaa wenye wagonjwa 30 kati ya watu 6,000 una 5 kwa kila 1,000; wenye wagonjwa 12 kati ya watu 800 una 15. Nukta zimerundikana mtaa wa kwanza, hatari ni mara tatu mtaa wa pili.

Chora pia grafu ya nguzo, kila nguzo ikionyesha idadi ya walioanza kuugua siku moja. Nguzo zikipaa ghafla na kushuka, shuku chanzo kimoja, kama kisima au chakula cha shughuli moja. Zikipanda polepole na kuendelea, huenda maambukizi yanapita kati ya kaya: anayemhudumia mgonjwa, anayefua nguo zake, wanaoosha maiti. Waulize hao kwa upole. Ukiwatisha au kuwalaumu, watawaficha wagonjwa.

Sasa pima dhana yako. Kwa kila mgonjwa, tafuta majirani 2 wazima wa umri unaokaribiana na wake, uwaulize maswali yaleyale. Ikiwa wagonjwa na wazima wote walichota kisima kimoja kwa kiwango sawa, tafuta chanzo kwingine.

Ukienda kisimani, pima umbali wa choo, usiopaswa kupungua mita 30, na uhakikishe kitako cha shimo la choo kiko angalau mita 1.5 juu ya maji ya ardhini wakati wa mvua, si kiangazi. Kwenye miamba yenye nyufa hata mita 30 hazitoshi. Uliza pia maji safi yanauzwaje: familia inaweza kujua kisima ni kichafu na bado ikakichota kwa kukosa pesa ya bomba, na hapo mabango ya elimu hayatasaidia kitu. Wapatieni maji yenye klorini, inayobaki majini baada ya kuua vimelea iwe miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita, yapimwe bombani na tena ndani ya ndoo nyumbani, maana ndoo chafu huimaliza klorini upesi.

Kila wiki ongeza nukta kwa rangi mpya. Zikianza kufuata barabara au mkondo wa mto, wajulisheni wahudumu wa vijiji vya mbele siku hiyohiyo.