Kabla ya Kuwasha Randa ya Mtumba: Kuipata Kasi Sahihi ya Rola ya Visu

Mashine ya kuranda ya mtumba huwa imepita mikononi mwa mafundi kadhaa, na si ajabu kukuta kwamba mmoja wao alibadilisha mota, mwingine akabadilisha puli, yaani gurudumu linaloshika mkanda, na hakuna aliyeandika chochote. Kwa sababu hiyo, kasi ya rola ya visu, yaani mhimili unaozunguka ukiwa umebeba visu vya kukatia mbao, iliyotajwa na mtengenezaji isiaminiwe mpaka mwenye mashine aithibitishe mwenyewe kwa kupima na kupiga hesabu, na kazi hiyo yote ifanyike mashine ikiwa imechomolewa kabisa kwenye umeme.

La kwanza kutazamwa ni kibati cha mota. Kwenye mashine niliyoinunua mimi, kibati kilikuwa kimefunikwa na rangi pamoja na gundi iliyoshikana na vumbi la mbao, nami nikakisugua kwa kitambaa chenye mafuta ya taa mpaka tarakimu zikajitokeza: 3450, yaani mizunguko kwa dakika, na pembeni yake 60, yaani hezi. Maana yake ni kwamba mota ile ilitengenezwa kwa umeme wa hezi 60, kama ule wa Marekani, ilhali umeme wa Tanzania, Kenya na Uganda ni wa hezi 50. Mota ya aina hiyo ikiunganishwa kwetu hushuka hadi kiasi cha mizunguko 2875 kwa dakika, yaani sehemu tano kati ya sita za kasi yake. Isitoshe, ikipewa volti zilezile ilizozoea huvuta umeme mwingi kuliko kawaida na kupata moto. Nilifunga mota ya hezi 50 yenye mizunguko 2850, na hapo ndipo hesabu ya puli ilipoanza.

Hesabu yenyewe ni nyepesi: zidisha mizunguko ya mota kwa kipenyo cha puli ya mota, kisha gawanya kwa kipenyo cha puli ya rola ya visu. Puli ya mota ilikuwa milimita 100 na ya rola milimita 70, kwa hiyo mota ya zamani, kwenye umeme wake wa hezi 60, iliizungusha rola takriban mara 4930 kwa dakika, na hiyo ndiyo kasi iliyokusudiwa. Mota mpya kwa puli zilezile ingetoa takriban 4070 tu. Nilipoweka puli ya milimita 120 kwenye mota, kasi ilirudi karibu na 4890. Tahadhari moja hapa: kipenyo kinachohesabiwa si cha ukingo wa nje wa puli, bali cha pale mkanda unapokaa ndani ya mfereji, na fundi anayepima kwa nje kwenye puli ndogo hupata jibu lenye kosa kubwa. Aliyenunua mota ya mizunguko 1440 atahitaji puli ya karibu milimita 240 ili afikie kasi hiyohiyo, na puli kubwa namna hiyo huufanya mkanda ushike sehemu ndogo tu ya puli ya rola, hivyo uteleze mashine inapobanwa na mbao ngumu kama mninga.

Randa nyingi za karakana ndogo huzungusha rola kati ya mara 4000 na 6000 kwa dakika. Ndani ya mipaka hiyo, nawasihi mafundi wasipandishe kasi kupita ile ya mtengenezaji kwa tamaa ya kupata uso laini. Nguvu inayovivuta visu vitoke nje hukua kwa mraba wa kasi: ukiongeza kasi kwa asilimia 20, nguvu hiyo huongezeka kwa asilimia 44, na kinachoizuia ni skrubu chache ambazo huenda zimekazwa na kulegezwa kwa miaka mingi. Kila skrubu ifunguliwe, isafishwe, ikaguliwe nyuzi zake, na iliyolika itupwe. Rola yenye umbo la mraba, inayopatikana kwenye mashine za zamani sana, isitumike kabisa kwa kusukuma mbao kwa mkono, kwa maana uwazi wake mkubwa huvuta vidole ndani.

Uso wenye mawimbi mara nyingi hautokani na kasi. Chukua rola ya visu vitatu inayozunguka mara 4890, mbao ikisukumwa mita 6 kwa dakika: alama za visu zitaachana kwa milimita 0.41. Ikishuka hadi 4070 zitaachana kwa 0.49, tofauti ambayo jicho halitaiona kwa urahisi. Lakini kisu kimoja kikichomoza kuliko wenzake, hicho peke yake ndicho kitakachoacha alama, nazo zitaachana kwa milimita 1.23. Kwa hiyo weka kijiti kilichonyooka juu ya meza ya kutokea mbao, kipite juu ya rola, kisha izungushe rola taratibu kwa mkono. Kila kisu kikiburute kijiti umbali uleule, kwenye ncha zote mbili za rola.

Beringi zijaribiwe mkanda ukiwa umetolewa: zungusha rola kwa kidole na usikilize. Mkwaruzo wowote, hata mdogo, ni sababu ya kubadilisha beringi kabla ya kuendelea, na mimi sijawahi kujutia gharama hiyo. Mkanda ukisharudishwa, washa na uzime papo hapo uone mwelekeo. Upande wa juu wa rola, visu vinapaswa kuijia mbao inayoingia. Vikienda kinyume kwenye mota ya laini tatu (fezi tatu), mwite fundi umeme abadilishe nafasi za nyaya mbili kati ya zile tatu.

Mara ya kwanza mashine iache izunguke tupu kwa dakika kadhaa, wewe ukiwa umesimama pembeni na si mkabala na rola, kisha izime, ichomoe, na uguse makasha ya beringi. Yakiwa ya uvuguvugu tu, ingiza mbao laini iliyokauka, ukiondoa milimita moja au pungufu, kwa kutumia kibao cha kusukumia. Hesabu alama zilizo ndani ya milimita 30: ukipata takriban 70, visu vyote vitatu vinakata; ukipata 24 au karibu na hapo, rudi kwenye kijiti na meza ya kutokea, wala usiguse puli.