Namna ya Kusoma Utafiti wa Potasiamu katika Tiba ya SIADH

Katika ugonjwa unaofahamika kwa kifupi kama SIADH, homoni ya vasopresini hutolewa hata pale mwili usipoihitaji, figo zikayazuia maji, na sodiamu ya damu ikashuka chini ya milimoli 135 kwa lita kwa kuwa imezimuliwa. Ukikutana na utafiti unaosema kwamba potasiamu husaidia hali hii, elewa kwanza msingi wa dai hilo.

Msingi huo uliwekwa na Edelman na wenzake mwaka 1958: sodiamu ya damu hufuata jumla ya sodiamu na potasiamu ya mwili, ikigawanywa kwa maji yote ya mwili. Kwa mgonjwa mwenye lita 30 za maji mwilini, milimoli 60 za kloridi ya potasiamu, zikibaki zote, zingepandisha sodiamu yake kwa takriban milimoli 2 kwa lita. Lakini potasiamu nyingi hutoka kwa mkojo, kwa hiyo tafuta kama watafiti waliupima mkojo huo, si damu peke yake.

Kisha fungua jedwali linaloeleza hali ya washiriki walipoanza. Binafsi hukaa hapo muda mrefu kuliko popote pengine. Ikiwa potasiamu ya damu yao ilikuwa chini ya milimoli 3.5 kwa lita, kilichoonekana huenda ni upungufu uliozibwa, na matokeo hayo hayamhusu moja kwa moja mtu mwenye milimoli 4.5. Hakikisha pia kwamba waliokuwa wakitumia dawa za kuongeza mkojo za jamii ya thiazidi hawakuchanganywa humo, na kwamba makundi yote mawili, lililopewa potasiamu na lisilopewa, yalipewa masharti yaleyale ya kupunguza vinywaji.

Kuhusu usalama, tazama kasi. Sodiamu iliyokuwa chini kwa muda, ikipanda zaidi ya milimoli 8 hadi 10 kwa saa 24, inaweza kudhuru ubongo, na upungufu wa potasiamu katika damu huongeza hatari hiyo. Potasiamu ikizidi, mapigo ya moyo huvurugika, hasa kwa mwenye figo dhaifu au anayetumia spironolaktoni, dawa inayozuia potasiamu isitoke kwa mkojo. Ikiwa watu wa namna hiyo waliondolewa katika utafiti nawe ni mmoja wao, matokeo yake hayakuhusu.

Usinunue vidonge kwa kufuata ulichosoma. Mpelekee daktari wako makala hayo pamoja na vipimo vyako vya karibuni vya sodiamu, potasiamu na kreatinini (kipimo cha utendaji wa figo), na orodha ya dawa zote unazotumia.