Namna ya kumuandikia muganga wako ku WhatsApp, akujibu

Siku hizi hapa Bukavu ukimaliza konsultasyo, dokta wengi wanakuachia namba ya WhatsApp. Vizuri sana, juu zamani swali moja tu lilikutoa Bagira mpaka mjini, taksi kwenda na kurudi, halafu asubuhi yote inaishia ku benchi. Lakini batu wanaandika "Bjr dokta" kisha kimya, eti wanangoja aitike kwanza. Ataitika saa ngapi na mesaji zote zile?

Weka yote mu mesaji moja. Hivi:

"Jambo dokta, ni mama Furaha, ule mtoto wa miaka 4 ulimuona juzi, kilo 15. Homa toka jana mangaribi, 38,9. Nimemupa parasetamoli saa mbili asubuhi, anakunywa maji, hajatapika. Nimulete leo ao ningoje?"

Hapo anaweza kujibu kwa sentensi moja. Taja na dawa zote, hata zile za mitishamba bibi alikupa, hata antibiotiki ulinunua farmasi bila ordonansi. Mi naona waganga hawakasirikii Google kama watu wanavyosema, wanakasirikia kufichwa.

Foto ya ngozi piga karibu na dirisha mchana, bila flashi, moja ya karibu na moja ya mbali, weka biki pembeni aone ukubwa. Vokali ya dakika tano hapana, tafadhali, mega zinaisha na yeye iko mu salle na wagonjwa.

Karatasi ya labo piga yote, jina, tarehe, na zile herufi ndogo pembeni ya namba, watu wanazikata na njo zenye maana. Chukua mfano wa sukari ya mu damu. Karatasi yako inasema 0,90, unafungua intaneti, ukurasa mmoja unaongea 90, mwingine 5, unaanza kutetemeka bure, kumbe ni sukari ile ile: 0,90 g/l ni 90 mg/dl ni 5 mmol/l. Ile ya kuogopesha, kama hujakula toka usiku, ni kuanzia 1,26, yaani 126, yaani 7, na hata hapo dokta atakurudisha labo mara ya pili kabla ya kukuambia uko na diabeti. Malaria pia iko na mtego wake: TDR, ile tesiti ya haraka ya tone la damu, inaweza kubaki pozitifu wiki kadhaa hata ukiwa umepona, kwa hiyo usikimbilie dozi ingine, uliza kama inafaa ufanye GE, ile ya mikroskopu.

Umesoma kitu? Muambie "nimesoma hivi, wewe unaona je?" Ukianza na "dokta niko na tifoide, niandikie dawa", unamfanya muuzaji wa farmasi.

Kuna vitu havingoji WhatsApp hata kidogo: mtoto anashikwa degedege, anatapika kila kitu, hanyonyi wala hanywi, analala hovyo haamki, mama mwenye mimba anatoka damu, mtu mdomo umepinda gafla ao mkono umelegea. Hapo ni kuondoka, mesaji utaituma njiani.

Matokeo ya mtu usiyatupe mu grupu ya familia ati mumuombee, muulize mwenyewe kwanza. Na ya mwisho, feza: uliza toka mwanzo kama majibu ya ku simu yanalipwa, wengine wanaomba kidogo kwa M-Pesa ao Airtel Money, na mi sioni ubaya, ni kazi.