Namna ya kuchora ubaoni urithi wa utawala wa ukoo wa Petrović-Njegoš

Mwalimu wa historia wa Lubumbashi anayetaka kueleza ukoo wa Petrović-Njegoš, uliotawala Montenegro kuanzia 1697 hadi 1918, asianze na orodha ya majina. Aanze na kanuni ya Kanisa la Kiorthodoksi: padri aweza kuwa na mke, lakini askofu huchaguliwa miongoni mwa watawa wasiooa. Mtawala wa Cetinje, mji mkuu wa Montenegro wa wakati huo, alikuwa askofu, yaani vladika, na kwa hiyo hakuwa na mtoto wa kumrithi.

Chora ndugu wawili, Petar wa Kwanza na Tomo, kisha vuta mshale wa mshazari kutoka kwa Petar hadi kwa Rade, mtoto wa Tomo, aliyeshika madaraka mwaka 1830 akiwa kijana wa miaka 17, akaitwa Petar wa Pili. Hapa usiharakishe. Wanafunzi Wabemba, ambao kwao uchifu hupitia upande wa mama, watadhani kwamba Rade alikuwa mtoto wa dada, kumbe ni mtoto wa kaka. Kama urithi ungefuata dada, utawala ungehamia ukoo mwingine, jambo ambalo akina Petrović walilikwepa.

Watawala wa mwanzo, Danilo na Sava, waandike juu kabisa bila maelezo marefu. Usimwache Šćepan Mali, mgeni aliyedai kuwa mfalme Peter wa Tatu wa Urusi, akaaminiwa na kutawala hadi alipouawa mwaka 1773, ilhali Sava, askofu halali, yu hai. Kisa hicho huamsha darasa zima.

Mwaka 1852 badilisha rangi ya chaki, kwa sababu Danilo mwingine, mrithi wa Petar wa Pili, alikataa uaskofu, akajitangaza mtawala wa kidunia asiye askofu na baadaye akaoa. Wanafunzi watatarajia sasa mshale ulionyooka, wa baba kwa mwana. Hata hivyo Danilo alipigwa risasi mjini Kotor mwaka 1860 akiwa na binti tu, na kiti kikamwendea Nikola, mtoto wa kaka yake Mirko. Nikola, aliyejitangaza mfalme mwaka 1910, alikuwa na wana watatu, lakini bunge la Podgorica lilimwondoa mwaka 1918 kabla yeyote kati yao hajatawala, kwa hiyo mishale yote ubaoni itabaki ya mshazari.