Mgonjwa wa moto wodini: antibiotiki unaanza lini na unaacha lini

Mgonjwa kaletwa kaungua asilimia 30 ya mwili, hata dresingi hajafungwa, mtu ameshaandika seftriaksoni kwenye faili. Ngoja kwanza. Kuungua sio maambukizi. Siku ya kwanza anataka dripu, dawa ya maumivu, kidonda kioshwe vizuri na sindano ya pepopunda kama chanjo hajakamilisha, hiyo antibiotiki ya "kumkinga" inaua wadudu (bakteria) dhaifu na kubakiza wale sugu, afu wiki ya pili akiugua kweli huna cha kumpa.

Na kuna kitu watu wanasahau, ile ngozi iliyokufa haina damu, mishipa yake imeungua nayo, sasa dawa uliyochoma kwenye mshipa itafikaje pale? Ndio maana kidonda kinaoshwa, kinapakwa dawa ya juu kama silva salfadayazini, na ngozi mfu inakatwa mapema.

Homa peke yake isikupeleke mbio. Mwili ulioungua sana unachemka wenyewe, mtu anaweza kukaa na 38.5 siku nyingi bila mdudu yeyote. Shtuka dalili zikija kwa pamoja: joto limepita 39 au limeshuka chini ya 36.5, mapigo ya mtu mzima juu ya 110, anahema haraka, platileti (chembe za kugandisha damu) zinashuka, sukari inapanda na hana kisukari, chakula alichokuwa anapokea jana leo kinakataa, amechanganyikiwa ghafla. Hapo fungua dresingi uangalie kwa macho yako mwenyewe, usisubiri kuambiwa. Wekundu unaotambaa nje ya kidonda, harufu, ukijani, madoa meusi, ngozi ya kupandikiza iliyokuwa imeshika inabanduka, kidonda cha juu juu kinageuka cha ndani. Ukikuta hivyo pamoja na hali kubadilika, anza, na usicheleweshe.

Mtoto muangalie tofauti. Hata kaungua sehemu ndogo tu, akipata homa kali, vipele, kuharisha na kulegea siku za mwanzo inaweza kuwa sumu ya bakteria anayeitwa stafilokokasi, na hiyo inaua haraka, ita daktari mkubwa saa hiyo hiyo.

Kabla ya dozi ya kwanza chukua damu na sampuli ya kidonda ukishakiosha (usaha wa juu utakudanganya), zipelekwe maabara zikaoteshwe ujue ni mdudu gani. Siku za mwanzo mara nyingi ni stafilokokasi na streptokokasi, akishakaa kama wiki ndio wanaingia sudomonasi, klebsiela na asinetobakta, kwahiyo jua wodi yenu inaotesha nini na chagua kwa kufuata hiyo.

Dozi ndio inatukosesha wengi. Baada ya saa 48 hivi figo za aliyeungua sana, kama hazijaumia, zinachuja dawa haraka mno na maji mwilini ni mengi, yaani dozi ya kawaida inaweza isitoshe kabisa. Kaa na mfamasia, na vankomaisini au gentamaisini pima kiwango chake kwenye damu.

Majibu yakirudi, saa 48 mpaka 72, punguza uende kwenye dawa inayomlenga huyo mdudu, na kama hakuna maambukizi acha. Tarehe ya kuacha andika kwenye faili siku ile ile unayoanza.

Ndugu wakiuliza mbona mgonjwa wao hapewi antibiotiki, kaa nao uwaeleze kwamba kidonda kinaangaliwa kila dresingi ikifunguliwa, na dawa imetunzwa kwa siku atakayoihitaji.